Safu Mbili za Chini

Tangazo lilisomwa mwishoni mwa misa, baada ya yale ya ndoa. Msomaji alilipitia haraka haraka, kama mtu anayewahi chakula. Alisema ardhi ya makaburi ya kile kituo cha zamani cha watu wenye ulemavu, huko mlimani, imepasuka, na safu mbili za chini huenda zikaporomoka masika yakianza. Mwenye ndugu aliyezikwa pale afike amtambue, aseme anataka ahamishiwe wapi. Wasio na ndugu watahamishwa pamoja.

Nilikuwa nimekaa na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Sikujua kama nimemshika mpaka aliponiinamia na kuninong'oneza, "Mama, unaniumiza mkono."

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha cherehani na kunitazama.

"Nani wetu yuko kule?"

"Hakuna."

"Mbona ulinishika vile?"

Nikamwambia nilikuwa nimepatwa na kizunguzungu. Binti yangu hajawahi kuwa mtu wa kubishana. Hunyamaza tu, na kunyamaza kwake hukaa ndani ya nyumba kama mgeni.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Morogoro, nashona sare za shule. Binti yangu ana kifafa tangu akiwa na miaka saba. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimejifunza kila kitu kuhusu kuanguka kwake. Akianguka namgeuza ubavu, naweka khanga chini ya kichwa, nasogeza mikasi na pasi, natazama saa. Kabla ya yote hayo, nafunga mlango. Majirani niliwaambia ana presha ya kushuka. Mdogo wangu wa kiume, anayelima miwa Turiani, nilimwambia mtoto anasumbuliwa na malaria, na kila alipopiga simu kuulizia nilimpa malaria nyingine. Kliniki nilimpeleka ile ya mbali, ili tusikutane na mtu anayetufahamu. Vidonge vyake nilivitia kwenye chupa ya vitamini.

Na kulikuwa na jambo ambalo hata yeye mwenyewe nilimficha. Sikuwahi kumwambia kwamba hakuwa wa kwanza katika ukoo wetu.

Wa kwanza niliyemjua mimi alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa bibi. Mama alipokuja mjini kutafuta maisha alituacha kwa bibi mlimani, mimi na mdogo wangu, kwenye ardhi ya ukoo. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mtu akifia popote hurudishwa kulala kwenye ardhi ile, karibu na bibi zake. Ndivyo tulivyofundishwa, na sikumbuki mtoto yeyote akiuliza kama kuna wanaoachwa.

Mama mdogo alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kusuka nywele. Ila wasichana wa kijijini hawakumpa vichwa vyao, kwa sababu alikuwa anaanguka. Sisi watoto tuliambiwa: akianguka usimguse, povu lake likikupata nawe utaanguka. Alikuwa na bakuli lake, kikombe chake na mkeka wake. Nilimpenda na nilimwogopa, na vitu hivyo viwili sikuweza kuvitenganisha. Nilipokaa karibu naye nilikuwa naacha nafasi ya kukimbilia.

Siku ile bibi alikuwa ameshuka shambani na mdogo wangu mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilikaa mlangoni mwa jiko napukuchua maharage, mama mdogo anachochea moto chini ya chungu cha magimbi. Akaniambia, "Niletee maji, yanakauka." Nilipoinuka nikaisikia ile sauti aliyokuwa akiitoa kabla ya kuanguka, kama mtu aliyeshtuliwa kwa nyuma. Akaenda chini. Mkono wake wa kushoto ukaingia katikati ya mafiga.

Ningeweza kumvuta. Nimelipima jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila nikipima jibu ni hilo hilo. Alikuwa mwembamba. Miguu yake ilikuwa upande wangu, pindo la nguo yake lilikuwa hatua mbili tu. Lakini nilitazama povu. Halafu nikakimbia. Na wala sikukimbia kuita watu. Nilipita uani kwa jirani, nikaona kuku wake, nikamsikia akikohoa ndani, na sikufungua mdomo. Niliingia kwenye mahindi, nikakaa chini, nikaziba masikio.

Jirani ndiye aliyemtoa, kwa kufuata harufu. Mkono haukukatwa, lakini vidole vilishikana vikajikunja ndani ya kiganja na havikufunguka tena. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nilingoja kuulizwa siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Ningeulizwa, huenda ningelia na mambo yakaisha. Sikuulizwa.

Haukupita muda mrefu, mjomba akaja. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama, na ndiye aliyekuwa na kauli juu yetu sote. Alizungumza na bibi nyuma ya nyumba, bibi akilia kwa sauti ya chini. Kesho yake asubuhi akamchukua mama mdogo kwenda kwenye kituo kile, ambacho enzi hizo watu walikiita kwa wasiojiweza. Kilikuwa ng'ambo ya kilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mama mdogo alibeba kifurushi chake kwa mkono wa kulia. Kwa akili yangu ya mtoto niliunganisha mambo: anapelekwa kwa sababu ya mkono, na mkono ni kwa sababu yangu.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Bibi alinichukua kwenda kumtembelea sikukuu ya Pasaka. Nakumbuka vitanda vya chuma vilivyopangwa kwa mstari, harufu ya sabuni ya dawa, na wanawake wengi waliovaa magauni ya kitambaa kimoja cha buluu. Mmoja alikuwa akijitikisa mbele na nyuma, mwingine alinifuata akinigusa nywele. Nilijificha nyuma ya bibi. Mama mdogo akaja akicheka, akaninyooshea mkono wa kushoto, ule uliokunjika, kunishika shavu. Nikarudi nyuma. Nakumbuka alivyougeuza ule mkono katikati ya safari, akajifanya anajikuna shingo.

Nilipofikisha miaka kumi na mitano ikaja barua kwamba amefariki na amekwisha zikwa. Ilikuwa imekaa njiani wiki kadhaa. Bibi alitandika mikeka, watu wakaja, tukakaa matanga ya siku tatu bila maiti na bila kaburi. Hakuna aliyesema twende tukaone alipolazwa.

Basi siku ya tatu baada ya lile tangazo nilimwita binti yangu chumbani. Nikamwambia palikuwa na mama mdogo, na alikuwa na kifafa, na yuko kule. Habari ya moto sikuigusa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Yeye alikaa kitandani taratibu.

"Kwa hiyo siyo mimi wa kwanza," alisema.

"Siyo wewe."

"Nilidhani nimeanzisha mimi." Akainama kutafuta viatu vyake. "Tunakwenda lini?"

Sikutaka kwenda naye. Niliogopa barabara, niliogopa baridi ya juu, niliogopa aanguke mahali penye korongo. Lakini niliogopa zaidi kumwacha peke yake. Tukapanda Noah ya abiria mpaka barabara ilipoishia, kisha tukatembea. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, hatukuona mbali. Nilimtanguliza mbele yangu ili nione miguu yake, na kila alipojikwaa nilimdaka mgongoni. Mara ya nne alisimama.

"Mama, nimejikwaa tu. Watu hujikwaa."

Kituo kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Mabweni yamebaki kuta, ndani yake watu wamepanda kabichi. Aliyetupokea alikuwa mama mmoja wa miaka sabini hivi, mwembamba, amejifunga khanga kiunoni. Zamani alikuwa mpishi wa kituo, na kituo kilipofungwa aliendelea kuishi pale pale. Daftari la mazishi lilikuwa limeliwa na mchwa. Yeye ndiye aliyekuwa daftari.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Mmekuja kwa nani?"

Niliogopa kutaja jina, kama vile kulitaja ni kukubali mashtaka. Nikasema, "Mwenye mkono uliokunjika. Wa kushoto."

"Aa," alisema, na uso wake ukalainika. "Msaidizi wangu wa jikoni. Namba kumi na saba. Njooni."

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko nyuma ya jiko la zamani. Hapakuwa na misalaba. Palikuwa na vyuma vifupi vilivyochomekwa ardhini, kila kimoja na namba. Tuliteremka tukishikilia majani, na chini kabisa nikauona ule ufa. Nilikuwa nimedhani ni kitu kidogo. Ulikuwa umekata kilima kutoka upande mmoja hadi mwingine, upana wa kuingiza mguu wa mtu, na ndani yake mlikuwa na giza. Upande wa pili wa ufa ardhi ilikuwa imeshuka kidogo, kama kitanda kilichovunjika mguu, na juu ya kipande hicho kilichoshuka ndipo zilipokuwa safu mbili za chini.

Yule mama aliuvuka bila kutazama. "Usisimame hapo ukingoni," aliniambia. "Panalegea."

Binti yangu akavuka. Mimi nilibaki. Niliwaza kwamba kilima kingeondoka wakati ule ule, na binti yangu juu yake, na ingekuwa ni haki. Nawaandikia ukweli: ndivyo nilivyowaza, kwamba ingekuwa ni haki. Halafu nikavuka kwa magoti na mikono, kama mtoto.

Mpishi alisimama karibu na kile chuma akatueleza. Mama mdogo alikuwa akishikilia sufuria za moto kwa ule mkono uliokunjika, kwa sababu ngozi yake haikusikia tena, na wenzake waliona ni jambo la kujivunia. Alikataa gauni la buluu siku za Jumapili. Aliwasuka wenzake wote nywele kwa mkono mmoja na meno. Kule hakuna aliyemnyima kichwa.

"Alikufaje?" niliuliza.

"Dawa ziliisha. Ilikuwa masika kama haya yanayokuja. Barabara ilikatika, gari halikupanda. Siku ya tisa akaanza kuanguka asubuhi, hakuacha. Nilikuwa nimemshika mimi."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkoba, nikaipapasa chupa ya vidonge. Nilihesabu kimoyomoyo vimebaki vingapi nyumbani.

"Alikuwa anakutaja," mpishi akaendelea. "Si ndiye wewe mtoto wa dada yake? Alisema siku aliyoungua kulikuwa na mtoto, na mtoto alikimbia kuwaita watu, ndiyo maana hakufa. Kila akisimulia habari ya mkono lazima amtaje yule mtoto."

Sijui mpaka leo kama aliamini hivyo au alijua akaamua kunifunika. Aliyepoteza fahamu hawezi kujua nani alikimbilia wapi. Lakini alikuwa na akili, na alinijua. Nilitaka kusema, siyo kweli, mama, sikumwita mtu. Kabla sijafungua mdomo, binti yangu alizungumza.

"Bibi, na mimi nina kifafa," alimwambia mpishi. Alisema tu hivyo, kama anayesema anatoka mtaa wa Msamvu. "Mimi nitazikwa wapi?"

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimeliogopa swali hilo bila kuijua sura yake. Yule mama alimshika bega.

"Mimi nawajua waliokwisha lala, mwanangu," alisema. "Hilo muulize mama yako."

Wote wawili wakanigeukia. Chini yetu ardhi ilikuwa kimya. Nikasema neno la kwanza lililonijia: "Twende kwa mjomba."

Mjomba bado yu hai, amepita miaka themanini. Bila kauli yake hakuna anayechimba kwenye ardhi ya ukoo. Tulivuka kilima, tukalala kijijini kwetu, na asubuhi tukamkuta amekaa uani anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Tukamsalimu, akaitikia, akauliza habari za mjini. Tuliketi kwenye vigoda. Nilikuwa nimepanga kuanza na habari ya ufa, kisha mama mdogo, kisha ombi. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema:

"Mjomba, siku mama mdogo alipoungua, nilikuwepo. Nilikimbia nikajificha kwenye mahindi. Sikumwita mtu."

Binti yangu aligeuza kichwa. Mjomba aliendelea kuchambua.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa nakuja kwa mama. Nikakuona unatoka kwenye mahindi, magoti yana udongo."

"Mbona hukusema kitu?"

Akaweka ungo chini.

"Barua ya kumwombea nafasi kule niliipeleka kabla ya moto. Miezi miwili kabla. Bibi yako alikuwa amekataa katakata. Mkono ulipoungua nikapata la kumwambia." Alijipangusa viganja. "Nilikuwa na wadogo zangu wa kuozwa, na nyinyi wapwa mnakuja nyuma. Watu walishaanza kuulizana nyumbani kwetu kuna nini. Niliogopa."

"Mimi nilidhani ni kwa ajili yangu."

"Nilijua unadhani hivyo," alisema mjomba. "Ilikuwa nafuu kwangu."

Nilitegemea, baada ya miaka yote ile, kwamba siku ikifika ya kutuliwa mzigo ningehisi wepesi. Nilichohisi ni woga mpya. Mtu mzima alikuwa amemtazama mtoto akibeba kitu kisicho chake, na akamwacha akibebe, akaendelea kula na kulala. Na mtu huyo hakuwa mbaya. Alikuwa ndiye aliyeninunulia daftari za shule. Kama yeye aliweza, basi nani hawezi?

"Babu," binti yangu alisema, "mimi pia naanguka."

Mjomba alimkazia macho yake yenye ukungu. "Tangu lini?"

"Tangu nina miaka saba."

Akanigeukia mimi. "Ulimficha. Kwa kumwogopa nani?"

"Wewe," nilisema. "Na watu. Lakini wewe kwanza."

Hakukasirika. Alikaa na neno hilo, kidevu juu ya fimbo. Nikamweleza habari ya ufa, nikamwomba mama mdogo aletwe kwenye ardhi ya ukoo. Akasema watu wataogopa, watasema mifupa ile itarudisha ugonjwa kwenye ukoo, na kuna watakaokataa kushika jembe. Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje.

"Naogopa," alijibu. "Lakini ugonjwa wanaosema utarudi, huu hapa umekaa kwenye kigoda changu na ameniamkia vizuri." Akainuka, akatutangulia mpaka kwenye makaburi ya ukoo, akachora mstari kwa fimbo pembeni ya kaburi la bibi. "Atalala hapa, kwa mama yake."

Tulipokuwa tunashuka, binti yangu alitembea mbele bila kuniangalia. Karibu na kijito akasimama.

"Kwa hiyo ulimwacha kwenye moto."

"Ndiyo."

"Mimi nilipoanguka mara ya kwanza, ulifanya nini?"

Ningeweza kudanganya, alikuwa mdogo, asingekumbuka. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikamwambia. Alianguka kati ya meza na mlango, na mimi nilikuwa mlangoni. Mguu wangu mmoja ulikuwa nje. Nilisimama vile, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kwa muda ambao sikuupima. Halafu niliingia. Niliingia, lakini kwanza nilisimama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alinawa uso kwenye kijito, akanawa tena. Akasema, "Twende, gari litatuacha." Njia nzima mpaka mjini hakuongeza neno, na sikujua kama nimempoteza.

Wiki mbili baadaye tulirudi kumhamisha mama mdogo. Kutoka kwenye ukoo walikuja wanaume watatu tu, na mmoja alikuwa amefunga kitambaa puani. Walichimba kwa uangalifu kwa sababu ya ufa. Mtu mmoja alikuwa amewekwa juu kuangalia kama udongo unatembea. Walichokikuta ni kidogo kuliko nilivyotarajia. Mpishi aliingia shimoni mwenyewe, akaipokea ile mifupa kwa mikono mitupu, akaiweka kwenye shuka jeupe nililoshona, akizungumza naye kama anayemvalisha: haya, taratibu, tumefika. Mkono wa kushoto aliutambua. Alinionyesha, na safari hii nilitazama.

Tulimzika jioni ile ile kando ya bibi. Watu walisimama mbali, kwenye migomba, lakini walikuja. Mjomba alitupa udongo wa kwanza. Hakuhutubia. Alitaja jina lake na jina la mama yake, basi.

Wale wengine wa safu mbili za chini hawakupata mtu. Walihamishiwa juu, kwenye kaburi moja pana karibu na kuta za bweni. Siku walipohamishwa, binti yangu alikaa kutwa nzima na mpishi, na daftari la mistari mapajani, akiandika: namba, jina, na kitu kimoja kimoja. Huyu alikuwa haoni, alitambua watu kwa kukohoa kwao. Huyu hakutembea, alikuwa akisagasaga karanga za kituo kizima. Huyu hakusema kamwe, na siku aliyokufa hakuna aliyejua alikuwa na miaka mingapi. Huyu aliletwa akiwa mtoto, mwenye kumleta akasema anarudi kesho. Majina siyaandiki hapa. Yameandikwa kwenye ubao wa mninga, kwa rangi, pale walipolala.

Masika yalikuja mapema. Asubuhi moja nilikuwa nakata kitambaa, simu ikaita, ni mpishi.

"Zimekwenda," alisema. "Zile safu. Tumesikia kishindo, tumeamka kuona udongo umefika mtoni. Vyuma vyote."

Niliketi chini, mkasi mkononi. Nilikuwa nimefanya kila nililotakiwa kufanya, hakuna mtu aliyekuwa amebaki mle, na bado sikuinuka mpaka binti yangu akaja kunishika mabega. Nikamweleza. Akaenda kuniletea maji.

Alipokaa tena aliniambia amekwisha lifikiria. Hataki makaburi ya mjini. Anataka kule juu, kwa mama mdogo, na jina liandikwe kwa rangi nyeusi kwa sababu nyeupe hufutika upesi.

"Mimi nitatangulia," nilimwambia. "Mzazi hutangulia."

"Basi nani ataandika? Na kabla ya hapo, dawa atanipa nani?"

Sina mtoto mwingine. Nilitazama mlango wangu, ambao ulikuwa wazi, na watu wakipita barabarani. Niliogopa kama nilivyoogopa kwenye ule ufa. Nikachukua simu, nikampigia mdogo wangu kule Turiani. Nikamwambia, yeye mjomba wake huyu mtoto, kwamba haikuwa malaria, haikuwahi kuwa malaria, ni kifafa, na nimemdanganya kwa miaka kumi na miwili.

Upande wa pili nilisikia trekta ikipita na matela ya miwa. Nilingoja akate.

"Subiri," alisema. "Natafuta kalamu. Nitajie hizo dawa, moja moja, na saa zake."